Komedi ya Mapenzi Imepooza? Anzia Hapa Kuirekebisha

Uhariri wa kwanza umekamilika, watu wachache wameiona filamu, na wote wanasema kitu kimoja: "Si mbaya, ila..." Hapo timu nyingi hukimbilia kuongeza vichekesho. Subirini kwanza. Komedi ya mapenzi hupooza mara nyingi kwa sababu mtazamaji hana hamu ya kuwaona wale wawili wakiwa pamoja, na asiyejali hacheki hata umpe utani mzuri namna gani. La kwanza ni kujua kutojali huko kunaanza dakika ya ngapi.

Jedwali la sini

Itazame filamu yote bila kusimamisha, kisha rudia ukiwa na karatasi yenye safu nne: dakika sini (tukio moja la filamu, la mahali na wakati mmoja) inapoanza, anachotaka mhusika wa kwanza, anachotaka wa pili, na kilichobadilika kati yao sini inapoisha. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Andika jambo linaloonekana: amejua siri, amekubali mwaliko, amevunja ahadi. "Wanazidi kukaribiana" haikubaliki, maana maneno hayo yanaweza kuandikwa mbele ya sini yoyote ile.

Safu ya nne ikibaki tupu kwa sini tatu mfululizo, umepata mahali filamu inapolala. Usishangae kuona ni mapema kuliko watu walivyosema. Watazamaji hulalamikia mwisho kwa kuwa ndipo uvumilivu ulipowaishia, ila mara nyingi kasoro yenyewe iko katika dakika 25 za mwanzo.

Kizuizi

Hapa ndipo filamu nyingi za aina hii hufia, kwa hiyo usipite haraka. Kamilisha sentensi hii: "Hawawezi kuwa pamoja kwa sababu..." Kisha jiulize kama simu moja ya dakika mbili ingelimaliza tatizo hilo. Ikiwa ingelimaliza, huna kizuizi. Una watu wawili ambao mwandishi amewakataza kuongea. Mtazamaji huliona hilo upesi na kuanza kuwakasirikia wahusika.

Kizuizi cha kweli kina gharama. Akisema ukweli atapoteza kazi, atamsaliti ndugu, au itabidi akiri kwamba ameishi miaka mingi kwa imani potofu kuhusu nafsi yake. Pia kionekane kwa macho. Katika *It Happened One Night* ya Frank Capra, iliyotoka 1934, mwanamume na mwanamke wasiooana wanalala chumba kimoja wakitenganishwa na blanketi lililotundikwa kwenye kamba, nao wanaliita kuta za Yeriko. Kila mara blanketi hilo linapotundikwa, mtazamaji anajua wamefikia wapi, na linapoanguka mwishoni hahitaji kuelezwa chochote.

Ikiwa upigaji picha umekwisha na kizuizi chako ni hafifu, bado kuna njia tatu. Ya nafuu kuliko zote ni kurekodi upya sentensi moja au mbili na kuziweka pale mhusika alipogeuza mgongo au yuko mbali na kamera, ili sababu yake ya kunyamaza iwe nzito zaidi. Ya pili ni kuileta mapema sini inayoonyesha atakachopoteza akisema ukweli, mtazamaji akijue kabla ya dakika ya 20. Ya tatu ni kupiga sini mpya moja, fupi, ya watu wawili chumbani. Kuna na njia ya nne ambayo wengi huipenda, ya kumfanya mhusika asimulie juu ya picha. Iogopeni. Sauti ya msimulizi ikiongezwa mwishoni mwa kazi huwa inaeleza hisia ambayo picha imeshindwa kuileta, na pengo huzidi kuonekana.

Dakika za pamoja, na mkato unaoua kemia (mvuto kati ya wapenzi)

Shika saa uhesabu dakika ambazo wapenzi hao wako katika sini moja. Filamu ya dakika 100 ambayo haiwafikishi hata 45 imekuwa filamu ya marafiki zao. Kama wanakutana baada ya dakika ya 15, punguza utangulizi. Maisha ya kila mmoja kabla ya kukutana hayahitaji sini tano.

Kisha angalia namna walivyokatwa. Kosa la kawaida ni kumwonyesha kila anayesema, huyu, yule, huyu, yule, kana kwamba ni mpira wa meza. Mapenzi huonekana usoni mwa anayesikiliza. Nenda kwa msikilizaji fremu 12 hadi 18, yaani picha moja moja zinazounda filamu, kabla sentensi haijaisha (nusu hadi robo tatu ya sekunde kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde), kisha kaa naye hata baada ya mwenzake kuanza tena kusema. Tafuta pia zile shoti (vipande vilivyopigwa bila kukatwa) ambazo wote wawili wanaonekana pamoja katika picha. Wahariri huziacha kwa sababu makosa madogo ya uigizaji hayafichiki humo, lakini hizo ndizo zinazothibitisha kwamba watu hawa walikuwa chumba kimoja.

Zima muziki wote utazame tena. Sini ikifa bila wimbo, ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Jihadhari hasa na ule mfululizo wa picha wanapocheka, wanatembea, wanalishana huku wimbo ukipigwa. Ukiwekwa baada ya sini iliyowakutanisha kweli, unapendeza. Ukiwekwa badala yake, umemwomba mtazamaji aamini jambo ambalo hakulishuhudia.

Vichekesho, sasa

Funika kila utani kwa mkono. Sini ikienda vilevile bila huo utani, uondoe. Utani wenye nguvu hutokana na mtu anayetaka kitu kwa bidii huku akijifanya hakitaki. Ukikuta kila kichekesho kinatoka kwa rafiki wa pembeni, wahusika wakuu wamebaki na kazi ya kuwa wazuri tu. Wape hasira, wivu, uongo mdogo unaowaumbua.

Baada ya kichekesho kikubwa usiache ukimya mtupu ukisubiri watu wacheke. Weka tendo lisilo na maneno, kama uso unaobadilika au mkono unaotafuta pa kujificha. Taarifa muhimu isiingie katika sekunde mbili au tatu zinazofuata, kwani itamezwa na kicheko.

Kutengana na kurudiana

Mpasuko wa karibu na dakika ya 75 utokane na udhaifu ambao mhusika ameshauonyesha angalau mara mbili. Maneno yaliyosikiwa kwa bahati mlangoni hayatoshi. Hotuba ya kurudiana ikate nusu, kisha ikate tena. Kinachobaki kitaje jambo moja mahususi ambalo wawili hao pekee wanalijua na sisi tulishaliona.

Onyesho la majaribio

Tafuta watu 15 hadi 25 wasio marafiki wa timu. Mmoja wenu akae pembeni akiwatazama wao, aandike dakika walipogusa simu, walipojinyoosha na walipocheka. Usiulize kama wameipenda, maana watakuonea haya. Uliza: Ni wapi ulianza kutaka wawe pamoja? Nani ungependa kumwona zaidi? Yupi alikukera, na alifanya nini?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. *My Best Friend's Wedding* ya 1997 ilibadilishiwa mwisho baada ya maonyesho ya majaribio: watazamaji walikuwa wamevutiwa na rafiki aliyeigizwa na Rupert Everett, basi akaongezewa nafasi na akarudishwa kwenye sini ya kufunga.

Majibu yakishakusanywa, yalinganishe na jedwali lako la sini. Penye safu tupu na simu mkononi kwa wakati mmoja, kata kwanza hapo, kabla ya kuomba bajeti ya siku moja zaidi ya kupiga picha.