Kakati Inapoota Gome la Kahawia: Kuzuia na Kutibu

Kakati, yaani mmea wa miiba wa jamii ya mpungate, inapoanza kuota gome gumu la kahawia, wengi wetu hukimbilia dawa ya ukungu, na mara nyingi dawa hiyo haisaidii kitu, kwa sababu gome lenyewe si ugonjwa. Ni kovu. Seli za ngozi zilikufa kwa sababu fulani, na mmea ukajenga mahali pake tabaka kavu la kuzuia maji yasipotee. Sehemu iliyokwisha kugeuka gome hairudi kuwa ya kijani hata ikihudumiwa vipi, na vitundu vyake vya kupitishia hewa huwa vimeziba, hivyo kadiri gome linavyoenea ndivyo mmea unavyopungukiwa na uwezo wa kujitengenezea chakula. Tiba, basi, ni kuondoa kisababishi na kuilinda ncha inayokua, na ili kukijua kisababishi hicho ni lazima kwanza kuangalia gome limeanzia wapi.

Lililoanzia usawa wa udongo na kupanda polepole kwa miaka, likiwa kavu na gumu pande zote, ni la uzee. Mipungate mikubwa iliyopandwa kuwa uzio hufanya hivyo, na sehemu ya chini ya shina lake hatimaye hufanana na shina la mti wowote. Hilo liachwe lilivyo. Lakini mahali pakibonyea kwa kidole au pakitoa majimaji yenye harufu, huo ni uozo, nao unahitaji kisu siku hiyo hiyo.

Gome la kuogopwa ni lile linaloanzia juu, kuzunguka ncha changa. Mara nyingi ni kazi ya utitiri mwekundu, yule yule anayewasumbua wakulima wa nyanya wakati wa kiangazi, ambaye hufyonza ngozi laini ya juu kabla haijakomaa. Rangi ya kijani hupauka kwanza, kisha ncha huwa kama iliyonyunyiziwa vumbi la kutu, na hatimaye vumbi hilo hushikana na kuwa gome. Ili kuhakikisha, weka karatasi nyeupe chini ya miiba na uigonge taratibu kwa penseli. Zikianguka nukta ndogo ambazo baada ya muda zinatembea, na ukizisugua zikaacha mstari mwekundu au wa kahawia, umempata. Utando mwembamba kati ya miiba ni dalili kwamba wameshakuwa wengi.

Uoshe mmea asubuhi kwa maji yenye nguvu, ukielekeza zaidi kwenye ncha, uache ukauke kabisa, kisha jioni upulize dawa ya kuua utitiri, kama salfa ya kuchanganya na maji au abamektini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Mara moja haitoshi. Mayai hayadhuriki kwa urahisi, na katika joto yai linaweza kuwa mdudu kamili kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo rudia mara mbili zaidi kila baada ya siku 5 hadi 7. Salfa isitumike wakati wa jua kali, wala isikaribiane na mafuta ya mwarobaini kwa muda usiopungua wiki mbili, kwani vikikutana huunguza ngozi na kuleta gome lile lile tunalolikimbia. Mafuta hayo pia huondoa nta ya bluu inayozipamba aina fulani za kakati, na nta hiyo ikishatoka hairudi mahali pale. Dawa za kawaida za kuua wadudu wa bustanini, hasa za jamii ya pairethroidi, ni afadhali kuziepuka, maana huwaua wadudu wanaokula utitiri na kuuacha utitiri wenyewe ukistawi.

Pwani kuna kisababishi kingine. Kakati hufungua vitundu vyake usiku, na katika usiku wa masika Mombasa au Dar es Salaam hewa imejaa unyevu kiasi kwamba maji hayatoki kwa kasi inayotakiwa, huku mizizi ikiendelea kuyavuta kutoka katika udongo uliolowa na wenye joto. Seli hujaa hadi zikapasuka. Huonekana vipele vidogo, kisha vipele hivyo hukauka na kuwa magamba. Hapa dawa haihitajiki. Mmea uwekwe chini ya paa linalopitisha mwanga, katika chungu cha udongo chenye tundu, na mchanganyiko ambao angalau nusu yake ni kokoto ndogo au mchanga wa chembe kubwa. Vyungu viachane ili upepo upite, na maji yasiongezwe mpaka kijiti kilichochomekwa hadi chini kitoke kikavu.

Gome la upande mmoja tu, lililotanguliwa na weupe au umanjano, ni la kuungua na jua. Nairobi na Arusha hulipata sana baada ya mawingu ya Juni hadi Agosti, jua linaporudi ghafla. Kwa kuwa huku adhuhuri jua huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, hata chungu ambacho hakijasogezwa hatimaye hupigwa upande ambao haukuzoea. Neti ya kivuli kwa wiki mbili au tatu hutosha kuuzoesha.

Ncha ikiwa imezibwa kabisa na gome, mmea hauwezi tena kukua kutoka hapo. Subiri kiangazi, safisha kisu kwa spiriti, ukate chini ya gome hadi kwenye nyama safi, ukiinamisha kidogo mkato ili maji yasituame juu yake. Kisiki kiwekwe kivulini na kisimwagiwe maji mpaka jeraha likauke, jambo linalochukua wiki moja hadi mbili. Kikiwa na afya, machipukizi hutokea kwenye vishina vya miiba karibu na mkato; yakifika ukubwa wa kidole gumba, bakiza moja au mawili, na mengine yakatwe na kukaushwa vivyo hivyo kabla ya kupandwa.