Somo: Madoa yanayobaki hata kihisi kikisema mambo ni shwari

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno: "Kitanzi kimefungwa, kihisi kinaonyesha wimbi limenyooka, mbona picha ina madoa kuzunguka nyota?" Leo nalijibu kwa maandishi. Ni kuhusu darubini ya kutafutia sayari kando ya nyota: kihisi hupima jinsi wimbi la mwanga lilivyopinda, kioo nyumbufu (kinachojikunja) hulinyoosha, na mzunguko huo wa kupima na kuamuru ndio kitanzi; kukifunga ni kuuwasha.

Mwanga ukitoka kwenye kioo nyumbufu hugawanywa, sehemu kwa kihisi, sehemu kwa kamera. Kasoro za njia ya kamera, kihisi hakizioni. Zilizo njia yake mwenyewe hukiamuru kioo kizifute, kumbe kamera haikuwa nazo, na sasa inazo.

1. Tumia taa ya ndani, si nyota.

2. Funga kitanzi.

3. Toa koronagrafu (kizuizi cha mwanga wa nyota). Pikseli zisijae.

4. Piga picha mbili: moja kwenye fokasi, nyingine fokasi ikiwa imesogezwa kwa kiasi unachokijua. Picha moja haitoshi, kwani fokasi ikikosewa kwa mbele au kwa nyuma, doa ni lilelile.

5. Kokotoa kasoro kwa modi za Zernike (maumbo ya msingi ya kasoro, fokasi ikiwa mojawapo).

6. Peleka masahihisho. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliyajumlisha kwenye amri za kioo huku kitanzi kimefungwa. Picha ikatakata kufumba na kufumbua, kisha madoa yakarudi palepale. Nikaongeza, yakarudi, hadi kukacha. Kihisi kiliona umbo jipya la kioo kuwa kasoro, kikalifuta, na hiyo ndiyo kazi yake. Masahihisho yaende kwenye vipimo vya rejea vya kihisi, yaani vile kinavyovihesabu kuwa shwari, kitanzi chenyewe kilishike umbo hilo.

ONYO: jaribu kwanza fokasi peke yake, nanomita 20. Ukikosea alama ya kutoa na kujumlisha, kila mzunguko utaongeza kasoro.

7. Rudia hatua ya 4 hadi 6, kila mara ukipeleka nusu tu.

Mgeni: Nimefuata yote, haifanyi kazi. Msaada.

Mwandishi: Hatua ipi? Picha iko wapi? Rudia ya 6.

Mwanafunzi: Nanomita moja kweli inadhuru?

Mwandishi: Swali zuri. Kiwimbi kinachopanda na kushuka nanomita 1 juu ya kioo cha njiani, ukipiga picha kwa mwanga wa nanomita 1600, huzaa madoa mawili, kila moja likiwa na takriban sehemu 15 kwa milioni za mng'ao wa nyota. Mshtarii akitazamwa kutoka mbali ni kama sehemu 1 kwa bilioni ya Jua. Anamezwa na madoa.

Fundi: Kihisi changu ni cha piramidi, kinachogawa mwanga kwa ncha ya kioo chenye umbo hilo. Kwa taa mambo ni safi, lakini angani masahihisho yanapita kiasi.

Mwandishi: Hewa ikivuruga doa la nyota kwenye ncha ya piramidi, usikivu hupungua, kwa hiyo kioo hujikunja zaidi ili kufikia rejea ileile. Pima usikivu ukiwa angani, uzidishe rejea kwa kiasi hicho. Usikivu ukiwa 0.6, peleka 0.6 ya rejea.

Mwanafunzi: Na madoa yatakayobaki?

Mwandishi: Usizungushe kamera kufuata anga. Madoa yatakaa, sayari itazunguka, nawe utatoa kilichotulia. Ndivyo sayari za nyota HR 8799 zilivyoonekana mwaka 2008. Ila anza kabla nyota haijafika juu kabisa, maana hapo ndipo mzunguko unapokwenda kasi.