Dayalisisi ya maji kidogo: katriji inatumikaje

Mashine ya kawaida ya dayalisisi, yaani ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo, inakunywa maji si mchezo, lita kama 120 kwa masaa manne na yote yanaishia kwenye mtaro. Mfumo wa katriji (kopo la kuchujia maji yaliyotumika), mfano REDY ulioingia sokoni Marekani 1973, ulikua unatumia lita 6 hivi, maji yaleyale yanazunguka yanachujwa yanarudi.

Sasa kabla hujafunga katriji jua kilichomo ndani. Kuna mkaa maalum unaonyonya kreatinini na uchafu mwingine wa damu, kuna kimeng'enya cha yurease kinachovunja urea (uchafu ambao figo nzima huutoa kwenye mkojo) iwe amonia (ndio, sumu kuliko urea yenyewe!), alafu kemikali ya zirkoniamu fosfeti inaidaka hiyo amonia pamoja na potasiamu, na zirkoniamu oksaidi inabeba fosfeti. Tatizo katriji inazoa mpaka kalsiamu na magnesiamu ambazo mgonjwa anazihitaji, kwahiyo lazima uzirudishie kwenye yale maji kwa mrija wa pembeni, hapo usisahau kabisa.

Ila cha kuogopa zaidi ni amonia maana katriji ikishashiba inaiachia tu. Kwahiyo kila baada ya muda chukua matone ya maji yanayotoka kwenye katriji, dondoshea kwenye karatasi ya kupimia amonia, linganisha rangi, ukiona amonia inatokea simamisha hapohapo ubadili katriji, usingoje mpaka mgonjwa aanze kulalamika kichwa. Na katriji iliyotumika tupa, hata kama bei yake inauma.