Kabla hujajikondesha kwa ajili ya shela

Bibi harusi mtarajiwa anapokuja kupimwa shela, sianzi na mtindo wala kitambaa. Namuuliza tarehe. Kisha tunaishusha kalenda ya ukutani na kuhesabu wiki pamoja, maana najua atakachosema baadaye: "Fundi, usinipime leo, acha nipungue kwanza." Nimeshona nguo za harusi hapa Dar es Salaam muda mrefu, na wengi niliowaona wakiumia kwa kujikondesha hawakukosea chakula kwanza. Walikosea hesabu ya siku.

Kwa hiyo anza na wiki. Mtu mzima anaweza kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki bila kuuumiza mwili, na wengi hubaki karibu na nusu. Wiki 12 ni kilo 6 hivi. Wiki 3 ni kilo moja na nusu, na ukijitahidi sana ni 3. Nazitaja wiki 3 makusudi. Wengi hushtuka ndoa inapotangazwa kanisani Jumapili ya kwanza kati ya zile tatu, na jioni hiyohiyo wanatafuta namna ya kutoa kilo 10. Haziwezi kutoka zikiwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu 3 hivi za maji. Ukijinyima ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka, mzani unashuka kilo 2 au 3 ndani ya siku chache, nawe unadhani umepata dawa. Ukila wali siku moja, maji yanarudi. Wanaouza vitu vya kukondesha wanalifahamu hilo, ndiyo maana huahidi matokeo ya siku saba na si ya miezi mitatu.

La pili ni kujiuliza kama unahitaji kupungua kweli, na nani amekwambia. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 68 na urefu wa mita 1.60 anapata 26.6. Kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa uzito wa kawaida, 25 kwenda juu ni uzito uliozidi, 30 kwenda juu ni unene uliopitiliza. Huyu wa kilo 68 akitoa 5 anaingia kwenye kawaida, na kilo 5 ni kazi ya wiki 10. Pima na kiuno, maana mafuta ya tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na presha: kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 ni dalili ya kujiangalia, na 88 ni hatari zaidi. Kama namba zako ziko sawa, basi kinachokusumbua ni mtindo wa gauni, na huo ni wajibu wangu mimi fundi. Kuna maharusi wenye miili mizuri kabisa waliosemwa na wifi au na rafiki kwenye kikao, wakaanza kulala njaa. Na watu haohao, ukipungua, ndio watakaokuuliza kwa sauti ya chini kama unaumwa. Usiukabidhi mwili wako kwa maneno ya watu wanaobadilika hivyo.

Kabla ya kugusa chakula, nenda kapime. Presha, sukari, wingi wa damu, na mimba kama kuna uwezekano. Wingi wa damu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Mtu wa aina hiyo akijinyima nyama, dagaa na maharage, hapungui vizuri, anachoka tu na kupata kizunguzungu. Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake uzito, lakini usiiache kimyakimya kwa sababu ya shela. Muulize muuguzi kuhusu njia nyingine. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo hunenepesha, na haitibiwi kwa kuruka kamba. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, tatizo la figo au moyo, au aliyewahi kuwa na tabia ya kula na kujitapisha, asianze mpango wowote peke yake.

Sasa niingie kwenye lile linaloniumiza. Miaka michache iliyopita nilimpima binti kiuno, inchi 34. Baada ya wiki mbili akarudi akiwa na 32, anang'aa kwa furaha, akaniomba nikate kitambaa kwa kipimo kipya. Nikiwa napiga pini za mgongoni alilegea, akaniangukia mikononi. Alikuwa akinywa chai ya kupunguza tumbo asubuhi na usiku, na chakula chake kilikuwa tikiti maji. Tulimpeleka zahanati, akawekewa dripu. Alipoanza kula tena kiuno kilirudi 33 na nusu. Namshukuru Mungu sikuwa nimekata.

Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki ndani, au majani mengine ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshanyonywa karibu yote kwenye utumbo mwembamba. Yaani wali ulishaingia mwilini zamani, unachomwaga chooni ni maji na madini ya chumvi, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha sana kunaweza kukifanya kidonge kisifanye kazi.

Vidonge vya mtandaoni ni hatari zaidi. Kuna dawa iitwayo sibutramine iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Tangu hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Kama kidonge hakina usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au muuzaji hawezi kukutajia kilichomo, kiache, hata kama aliyekuletea ni shoga yako wa damu. Sindano mpya za semaglutide, zinazopunguza hamu ya kula, zina mahali pake: ni dawa ya daktari, kwa wenye kisukari na wenye unene wa kutibiwa, na hufuatiliwa kwa miezi. Ila bibi harusi ajue jambo moja ambalo muuzaji wa mtandaoni hatamwambia. Dawa hiyo inatakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Wangapi kati yenu mmepanga kusubiri?

Mikanda ya kubana tumbo hubana, haiyeyushi chochote. Limau na tangawizi ni kinywaji kizuri, basi.

Chakula chetu wenyewe kinatosha kukupunguza, na hapa ningependa usikilize kwa makini, kwa sababu watu hukimbilia kufuta ugali wakaacha kinachonenepesha. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Kutembea kwa haraka kwa nusu saa ndiko kunakokaribia kukitumia hicho kijiko kimoja. Sasa fikiria mchicha uliokaangwa kwa vijiko vinne, maandazi ya asubuhi, chipsi mayai ya usiku. Pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, na familia nzima itafaidika bila kujua kuwa uko kwenye mpango. Cha pili ni sukari ya kunywa. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa iwe chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Juisi ya ukwaju ya mtaani mara nyingi haina tofauti kubwa na soda. Chai ya vijiko vitatu, mara tatu kwa siku, inafikia hapohapo.

Sahani yenyewe ipange hivi: nusu iwe mboga, kuanzia matembele na kisamvu hadi bamia na kachumbari. Robo iwe samaki, dagaa, maharage, choroko, kuku au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, viazi au ndizi. Dona hukaa tumboni muda mrefu kuliko sembe. Wali wa nazi si haramu, ule Jumapili, kipimo cha ngumi yako. Usiruke mlo wa asubuhi halafu ukaja kulipiza saa nne usiku.

Na saa nne usiku ndipo vikao vya harusi vinapokuwa vimekolea. Sijaona mtu anayezungumzia hili: kamati inakutana kila wiki, wakati mwingine mara mbili, ukumbini au baa, na kila kikao kina nyama choma, chipsi, bia na soda. Miezi mitatu ya vikao inawanenepesha watarajiwa wote wawili huku wakihangaika kupungua. Kula nyumbani kabla ya kwenda. Kikaoni agiza maji na supu au mishikaki bila chipsi. Bwana harusi namwambia hivyohivyo: chupa moja ya bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi, na suti iliyopimwa kikao cha kwanza haitafunga kifungo kikao cha mwisho.

Mazoezi sitayaongelea sana. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ya kukutoa jasho zinatosha kuanzia, yaani nusu saa siku tano, na siku mbili uongeze kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta, kunyanyua ndoo. Vikundi vya joging viko mitaa mingi na havidai mashine. Mazoezi ya tumbo hayatoi mafuta ya tumbo peke yake, mwili huchagua wenyewe pa kuanzia. Ila mgongo na mabega yaliyozoeshwa hukaa vizuri kwenye shela hata kama mzani haukusogea, hilo naliona kila wiki. Mzani wenyewe upande mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Karibu na hedhi mwili hushika maji na unaweza kuongezeka kilo moja au mbili, usilie.

Kuna na nywele. Mtu akijinyima chakula vibaya, nywele hazikatiki siku hiyo. Huanza kung'oka baada ya miezi miwili au mitatu. Aliyelala njaa mwezi wa Pili kwa ajili ya harusi ya baada ya Pasaka ataziona kwenye kitana wakati anasukwa. Kujinyima sana husimamisha hata hedhi, na kupungua haraka mno huongeza uwezekano wa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kwa wanaotarajia mtoto mapema, badala ya kidonge cha kukondesha, anza kumeza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku angalau mwezi mmoja kabla. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mama mara nyingi hata hajajua, na foliki asidi hupunguza sana hatari ya mgongo wazi.

Kuhusu shela yenyewe, mwambie fundi mapema kuwa unapungua. Mpe kipimo cha leo, si cha ndoto. Gauni kubwa hubanwa kwa saa chache. Gauni dogo linahitaji kitambaa ambacho pengine hakipo tena dukani. Omba aache akiba ya inchi moja kila upande ndani ya mshono, au mgongo wa kamba badala ya zipu, maana kamba hukusamehe inchi mbili hadi tatu. Kipimo cha mwisho kiwe siku 10 hadi 14 kabla, ukiwa umevaa viatu na sidiria utakayovaa siku yenyewe. Baada ya hapo usipungue tena. Dumisha tu.

Wiki ya mwisho punguza chumvi na vyakula vinavyokujaza gesi, lala mapema, kunywa maji kama kawaida. Usiache maji ili uonekane mwembamba. Siku ya harusi utakaa saluni tangu alfajiri, uende kanisani au kwenye nikaha, upigwe picha juani, kisha ukumbini hadi usiku wa manane, ndani ya kitambaa kizito na viatu virefu. Mkabidhi msimamizi wako kifuko chenye mayai mawili ya kuchemsha, ndizi, karanga kidogo, chupa ya maji na mrija usioharibu rangi ya midomo, na mwambie akulishe kabla hamjashuka kwenye gari.