Kula Kichina Dar es Salaam: Kaa Apimwe Mbele Yako

Ndugu zangu mliohamia Dar kutoka Mombasa, Nairobi na Kampala, kila mgeni anayetua hapa huniuliza jambo moja: chakula cha Kichina cha kweli kinapatikana wapi? Hamaanishi mgahawa wa hotelini wenye taa nyekundu na wali wa kukaanga uliojaa hoho. Anataka pale Wachina wenyewe wanapokula. Wapo, ni wengi, na ukiagiza mboga, tofu na tambi, bei haiumi. Ila kuna mtego mmoja mle ndani, wa bei ya kaa, na huo ndio ulionikalisha chini niandike. Nitaurudia mpaka mchoke.

Kwanza njia ya kuwapata. Nairobi mlizoea kwenda Kilimani au Hurlingham na kuchagua. Dar wametawanyika: Kariakoo kuna wafanyabiashara, na Mikocheni, Msasani na Masaki kuna watu wa makampuni na ujenzi. Kibao mara nyingi ni herufi za Kichina tupu, au hakuna kibao kabisa, ni geti la nyumba ya kawaida. Ramani ya simu haisaidii sana. Muulize mlinzi wa mtaa au bodaboda wa kijiweni. Hao ndio wanaowabeba wapishi asubuhi. Ukiona duka la vyakula vya Kichina, lenye tofu kwenye friji na magunia ya unga mlangoni, mgahawa hauko mbali. Nenda saa kumi na mbili jioni. Wachina hula mapema, na ukifika saa tatu usiku kwa mazoea yetu utakuta sakafu inapigwa deki.

Ukishaketi, uliza mpishi ametoka jimbo gani, kisha agiza cha kwao. Wa Sichuan atakupa pilipili na zile punje ndogo zinazotia ulimi ganzi. Wa Guangdong, samaki wa mvuke mwenye tangawizi, ladha nyepesi. Wa kaskazini ni mtu wa unga: jiaozi (vifurushi vya unga vyenye nyama au mboga ndani), mikate, tambi. Ukimlazimisha wa kaskazini akupikie cha Sichuan, atakupikia, na utakula utakachokula.

Sasa mtego. Ni wale viumbe hai wa kwenye tangi: kaa, kamba-kochi, samaki.

Shangazi yangu na binamu zangu walikuja kunitembelea kutoka Mombasa, nikawapeleka mahali palipokuwa pamejaa Wachina, dalili njema. Menyu ilikuwa na picha ya kaa mmoja kwenye sahani, na chini yake shilingi 45,000 za Tanzania. Binamu akagawa kwa ishirini kichwani, kama tunavyofanya Wakenya sote tukitaka kujua bei kwa pesa za kwetu. "Elfu mbili na kitu? Bure hiyo. Leta watatu!" Shangazi akaunga mkono: "Agiza, mwanangu, tumekuja kula." Tulikuwa tunategemea kaa wa 135,000. Bili ikaja na kaa wa 261,000.

Meneja hakubishana. Alifungua menyu, akaweka ukucha pembeni ya bei, kwenye herufi moja ndogo yenye mistari minne: 斤. Hiyo ni jin, kipimo chao cha nusu kilo. Kwa hiyo 45,000 haikuwa bei ya kaa aliye pichani. Ilikuwa bei ya kila nusu kilo, na kaa wetu walitoka kilo 2.9. Na walipimwaje? Jikoni, bila sisi, wakiwa wamefungwa magando kwa kamba nene iliyolowa maji. Ile kamba tuliinunua kwa bei ya kaa. Maji nayo.

Kwa hiyo, kabla hujaitikia kwa kichwa: uliza kama bei ni ya kaa mzima, ya kilo, au ya nusu kilo. Apimwe mbele yako. Maji yachuruzike kwanza. Omba uzito wa kamba upunguzwe. Pale wanapopima kwa haki, huwa wana kamba tupu pembeni ya mizani kwa kazi hiyo. Piga picha ya mizani. Jumla iandikwe kwenye karatasi ya oda kaa akiwa bado anachezesha miguu, kwa sababu akishapasuliwa huna tena neno. Na menyu ikiandika 时价 palipopaswa kuwa na bei, maana yake ni bei ya siku hiyo. Uliza vilevile, pima vilevile.

Nanyi ndugu mnaokuja kutembea, tunawapenda, lakini acheni hii imani kwamba Mchina ni bei chee kila mahali. Mmeizoea kwa chaja na viatu. Kaa wa mikoko wa pwani hii husafirishwa wakiwa hai mpaka China, kwa hiyo anayemla hapa anashindana na mnunuzi wa kule. Mgeni aketi, mwenyeji aagize.

Jambo lililoniuma zaidi ni mhudumu, binti wa Kitanzania, mpole kupita kiasi. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alisema, "Nilidhani mnajua, kaka." Na alimaanisha. Kwetu Kenya mhudumu angeropoka pale pale kwamba hiyo ni bei ya nusu kilo, boss, angalia usije ukalia. Dar mtu hamkatizi mgeni anayeagiza kwa madaha. Anaona ni kumvunjia heshima. Mimi naupenda ustaarabu huu kuliko ubabe wetu, ila una gharama zake. Dawa ni kuingia kwa lugha yao. Ukianza na "nipe" na "leta," utapewa na utaletewa, basi. Ukianza na "Samahani dada, naomba kuuliza," atakueleza hadi samaki yupi amelala tangini tangu juzi.

Mtashangaa pia jinsi jiji hili lilivyowazoea Wachina. Wazee bado wanawataja kwa heshima wale waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kabla ya hapo. Kijana wa Kariakoo hana kumbukumbu hiyo. Kwake Mchina ni mshindani wa duka la jirani. Ndiyo maana Julai 2025 serikali ilipowazuia wasio raia kufanya biashara 15, rejareja na wakala wa pesa za simu zikiwemo, wengi walishangilia, na sisi Wakenya tukajikuta kwenye kapu moja na Wachina. Nina maoni yangu. Mezani siyasemi, nawe usiyaseme.

Kwa Waislamu: kwenye menyu ya Kichina, nyama isiyotajwa ni ya mnyama gani kwa kawaida ni ya nguruwe, yaani kitimoto kama wasemavyo hapa. Hata mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta yake, na mvinyo wa kupikia huingia kwenye michuzi mingi. Uliza kila sahani, au tafuta herufi 清真, alama ya chakula cha halali. Tambi za Lanzhou za kuvutwa kwa mkono, zenye supu ya ng'ombe, asili yake ni wapishi Waislamu.

Malipo ni rahisi: taslimu au lipa namba, yaani kwa simu, kwa laini ya huku. Menyu ya dola ikataeni, kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei kwa fedha za kigeni. VAT ya kawaida ni asilimia 18, si 16 ya Kenya, kwa hiyo uliza kama imo ndani ya bei. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kuondoka bila kuidai ni kosa lako pia, si la muuzaji peke yake. Na kabla hujabonyeza namba ya siri, tafuta mstari wa kaa kwenye bili, usome kilo, uzilinganishe na ile picha ya mizani.