Farasi mmoja, wavulana na wasichana: jinsi ya kuwazoeanisha

Tuseme uko Njoro, Molo, Gilgil au Naivasha, na mwenye shamba amekubali kukuachia farasi mmoja na saisi wake, yaani mtunzaji wake, kila Jumamosi asubuhi likizo ya Agosti. Una watoto sita wa miaka 8 hadi 14, wavulana watatu na wasichana watatu. Mwongozo huu ni wa Jumamosi nne, na katika tatu za kwanza hakuna mtoto atakayepanda. Watalalamika. Usilegeze, kwa sababu farasi humzoea mtu akiwa amesimama naye chini, kabla hajamjua mgongoni.

Chagua farasi aliyepita miaka 10, jike au dume aliyehasiwa, asiye mrefu sana: sentimita 125 hadi 145 kutoka ardhini mpaka juu ya mabega. Farasi mchanga na mtoto mgeni wote wanajifunza, na hapo hakuna wa kumtuliza mwenzake. Muulize saisi maswali matatu: ana tabia ya kuuma? Hukataa kuguswa wapi? Amechanjwa ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness)? Ugonjwa huo huenezwa na visubi wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri, na huua haraka, kwa hiyo panga vipindi vyako asubuhi ili farasi arudi bandani kabla jua halijatua. Watoto nao wawe wamechanjwa pepopunda, maana viini vyake hupatikana kwenye udongo na kinyesi cha farasi.

Michezo wanayokuja nayo

Watazame watoto wako mtaani kabla hujawapeleka uwanjani kwa farasi. Iwe ni Kaptembwo na Free Area huku Nakuru au Kondele na Nyalenda kule Kisumu, wavulana wengi wakitoka shule huelekea kiwanjani: kandanda, baiskeli, tairi kuukuu, au foleni ya pleisteshen. Wanaweza kupotea mpaka giza liingie. Wasichana wengi hucheza karibu na mlango: bladda, kati, kuruka kamba, kusukana. Muda wao hukatwakatwa, kwa kuwa kuna maji ya kuchota na mtoto wa kubeba. Haya ni malezi, hayamo kwenye damu. Utapata msichana anayeshinda kiwanjani na mvulana anayependa kukaa kimya na mbuzi wake, kwa hiyo usiwapange watoto kwa jinsia. Lakini jua mazoea gani yanaingia nao getini.

Mtoto wa kiwanjani huja na mwili wenye haraka na sauti ya juu. Ana ujasiri, hajui kusubiri. Humkimbilia farasi kutoka mbele, humpiga kofi la shingoni kwa furaha, kisha anashangaa farasi akiruka pembeni. Mtoto wa mlangoni huja na mikono ya subira, kwa kuwa amesuka nywele za mdogo wake. Tatizo lake ni kurudi nyuma. Farasi akimsukuma kwa bega naye akapisha, farasi amejifunza kwamba mtoto huyu husogezwa, na Jumamosi ijayo atamsukuma kwa nguvu zaidi. Kosa hili la pili halionekani kwa sababu halina kelele, ila ndilo linaloleta vidole vya miguu kukanyagwa.

Kwa hiyo wapange wawiliwawili, mmoja wa kila aina, na wabadilishane kazi kila dakika 10. Usiruhusu mmoja ashike kamba daima na mwingine ashike brashi daima. Na mwache saisi ndiye afundishe kupiga brashi. Nchini mwetu masaisi karibu wote ni wanaume, na mvulana anayedhani kuchana manyoya ni kazi ya kike hunyamaza akimwona mzee wa miaka hamsini akiifanya kwa fahari. Kwa upande wa pili, wasichana wasikie kwamba ni huku huku Njoro alikokulia Beryl Markham, binti wa mfunzi wa farasi, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya kufunza farasi wa mbio. Katika Olimpiki wanawake walianza kuruhusiwa kushindana wakiwa juu ya farasi mwaka 1952, na hadi leo wao na wanaume hushindana pamoja, wakiwania medali zile zile.

Mavazi

Viatu vifunike vidole: buti au gambuti. Patapata na ndala zibaki getini. Msichana ambaye nyumbani haruhusiwi suruali anaweza kuvaa taitsi ndefu chini ya sketi kwa kazi zote za ardhini. Usimrudishe nyumbani kwa jambo hilo. Helmeti ni ya farasi, wala si ya bodaboda, ambayo ni nzito na huvuta shingo. Iketi vidole viwili juu ya nyusi na isicheze ukitikisa kichwa. Rasta nene huiinua helmeti, hivyo waambie wazazi mapema: wiki hizo nywele zisukwe matuta yaliyolala, na ncha zifungwe chini kisogoni. Ipime helmeti baada ya kusuka.

Jumamosi ya kwanza: kutazama na kukaribia

Tumia dakika 20 nje ya ua bila kumgusa. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Humo ndimo watoto hupenda kusimama. Wape kazi ya kuhesabu: mbavu zinapanda na kushuka mara ngapi kwa dakika? Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16. Watoto wa kiwanjani hupenda namba, na kuhesabu huwatuliza bila kuambiwa watulie.

Kisha masikio. Yakielekea mbele, kuna kitu kimemvutia. Moja likimgeukia mtoto, anamsikiliza. Yakilala bapa nyuma, anaonya, na mtoto arudi hatua mbili. Wageni hukosea zaidi kwenye mguu wa nyuma: ukipumzishwa kwenye ncha ya kwato huku kichwa kimeshuka, farasi anasinzia, ukiinuliwa huku mkia umebanwa au unachapa, anatishia teke.

Kumkaribia, mtoto aende kwa mshazari kuelekea bega la kushoto, akiongea kwa sauti ya kawaida. Kunong'ona kunamfanya farasi ajiulize nani ananyemelea. Asimame umbali wa mkono, mabega yamelegea, angoje farasi ageuze sikio au pua. Ndipo amkune pale shingo inapokutana na mgongo, mbele kidogo ya mabega. Hapo ndipo farasi hukunana wao kwa wao, na kukuna hapo hupunguza mapigo ya moyo wake. Mdomo wa juu ukirefuka na kutetemeka, mtoto amepata mahali.

Jumamosi ya pili: brashi na kwato

Farasi afungwe kwa fundo la kufyatuka, kimo cha mabega yake, kamba ikibaki na urefu wa mkono mmoja. Ikiwa ndefu atatia mguu.

Anza na kitana cha mpira, kwa mizunguko, kutoka shingoni kwenda nyuma, kwenye nyama tu. Usikitumie usoni wala chini ya magoti, ambako hakuna nyama na panauma. Fuata na brashi ngumu: mkupuo mfupi unaofuata manyoya na kurusha vumbi nje. Brashi laini ni ya uso. Mkono usiofanya kazi ubaki umemgusa farasi ili ajue mtu yuko wapi. Mtoto akipita nyuma, apite akiwa amemgusa kiunoni na karibu naye kabisa, au mbali mita tatu. Katikati ndipo teke lina nguvu zake zote.

Kwato zisubiri mpaka saisi aseme. Mtoto asimame akitazama mkia, ashushe mkono begani hadi mguuni, abane kidogo juu ya kifundo, na mguu ukiinuka aushike. Achokoe kutoka kisiginoni kwenda mbele, akiepuka ile sehemu laini yenye umbo la V. Asipige magoti. Achuchumae au ainame, ili aweze kuruka.

Jumamosi ya tatu: kamba

Hii ndiyo siku kubwa. Kamba iwe ya mita tatu. Ikunjwe mikunjo mipana na kushikwa katikati. Isizungushwe mkononi hata mara moja, maana farasi akikimbia huondoka na vidole.

Mtoto asimame kando ya shingo, upande wa kushoto, atazame mbele, aanze kutembea. Farasi asipofuata, avute kidogo na ashikilie bila kuongeza. Farasi akiinua mguu mmoja tu, kamba ilegezwe papo hapo. Kinachomfundisha ni kule kulegeza, kuliko kuvuta. Mtoto anayechelewa sekunde tatu kulegeza amemfundisha farasi kwamba kutii hakuna faida, na hapo wengi husema farasi ni mkaidi. Watoto wa kiwanjani huchelewa kulegeza. Watoto wa mlangoni hulegeza kabla farasi hajajibu. Wote wawili wanahitaji mazoezi yale yale: hatua tano mbele, simama, hatua tatu nyuma, simama. Rudia mara nane, si zaidi.

Kugeuka, mpeleke farasi upande wa kulia, mbali na mtoto, asimkanyage. Akimsukuma mtoto kwa bega, mtoto asipishe: ainue kiwiko, asimame imara, na amtikisie kamba mpaka farasi ajitoe hatua moja. Kisha amkune. Kwa msichana aliyefundishwa kupisha kila mtu, dakika hii ina uzito kuliko kupanda kwenyewe.

Chakula cha zawadi

Molo na Njoro karoti hazikosi, na watoto watazileta mifukoni. Zikatwe vipande virefu kama vidole. Vya duara hukwama kooni. Mbili kwa mtoto zinatosha, na ziwekwe kwenye ndoo baada ya kazi. Zikitolewa mkononi kila mara, farasi hujifunza kuuma mifuko.

Kagua mifuko hiyo getini. Mahindi yenye ukungu huharibu ubongo wa farasi na kumuua. Parachichi ni sumu kwake. Kabichi, sukuma wiki na mkate humjaza gesi, na farasi hawezi kutapika. Akianza kugeukia ubavu wake, kuparura chini, kujibwaga na kukataa nyasi, kipindi kimeisha: ondoa chakula na mpigie daktari wa mifugo papo hapo. Chakula chake halisi ni nyasi kavu, kilo 6 hadi 8 kwa siku kwa farasi wa kilo 400, na maji safi lita 20 hadi 40. Wape watoto kazi ya kujaza ndoo. Waliozoea kuchota maji nyumbani watawaonyesha wenzao namna ya kubeba bila kumwaga.

Jumamosi ya nne: mgongoni

Mtoto pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Saisi anaongoza, mtu mzima mmoja anatembea kando, dakika 10 kwa kila mtoto, kwa mwendo wa kutembea. Kisigino kiwe chini na kipandio kikamate sehemu pana ya unyayo, mguu usije ukapenya na kunaswa. Wa kuruka bladda na kamba hapa wana bahati: mwili wao tayari unajua kuhesabu moja-mbili, na siku watakapofika kwenye mwendo wa mbio ndogo (trot) watainuka na kuketi kwa mdundo bila kufikiri.

Ikiwa uko Kisumu au Siaya na farasi hapatikani, punda wa kubeba maji anatosha kwa Jumamosi tatu za kwanza, mwenyewe akikubali. Kumbuka tofauti moja: farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama kama jiwe. Asipigwe. Apewe nusu dakika atazame kilichomtisha, kisha aombwe tena kwa kamba.

Utajua wamezoeana kwa mambo madogo: mtoto akiingia uwanjani farasi huacha nyasi na kumjia, hushusha kichwa kupokea hatamu, na humfuata kamba ikiwa imelegea kabisa. Kwa wengine hutokea wiki ya tatu. Kwa wengine haitokei likizo nzima, na mtoto huyo apangiwe tena Desemba, na farasi yule yule.