Somo: Jeni zipi zinafanya kazi ndani ya jani la mchu?

Maji yakipwa, shuka Tudor Creek, Mombasa, uchume jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, kisha ulilambe. Chumvi tupu, na jua likiwa kali waziona punje zake zikimetameta. Mkoko wa aina nyingine ulio kando yake, mizizi kwenye tope lilelile, jani lake halina kitu: wenyewe huizuia chumvi nyingi huko chini mizizini.

Seli za jani na za mzizi wa mchu mmoja zina jeni zilezile. Tofauti ni zipi zinasomwa na zipi zimelala. Jeni inayosomwa hutoa nakala, yaani RNA mjumbe, na nakala hizo ndizo tunazozihesabu.

1. Swali kabla ya mkasi. Langu lilikuwa: miche inayomwagiwa maji ya bahari yaamsha jeni gani kuliko inayomwagiwa maji baridi, yasiyo chumvi? Panda miche ya umri mmoja, mitano au sita kila upande. Majani matatu ya mche mmoja si sampuli tatu; hapo wengi huponzeka. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kitafute mapema.

2. Kuchuma. Hapa ndipo kazi inapopona au kufa, mashine haina lake. Chuma saa ileile kwa miche yote, maana jeni nyingi hufuata mchana na usiku. Jani likikatwa, litie papo hapo kwenye nitrojeni ya kimiminika (nyuzi −196), kisha lihifadhi kwenye nyuzi −80. Mara ya kwanza mimi nilibeba majani kwenye kasha la barafu ya kuuzia samaki, nikakwama foleni ya feri. Nilipofika maabara, RNA ilikuwa vipande vipande. Wiki saba za kumwagilia, basi tena.

3. Kutoa RNA. Vaa glavu, vidole vyetu vina vimeng'enya vinavyoila. Mikoko nayo ina tanini tele, zile kemikali chungu za mimea, na mchanganyiko wako ukigeuka rangi ya chai ya mkandaa, ujue tanini zimeshaingia. Tumia CTAB, sabuni ya maabara ya kuvunjia seli, pamoja na PVP, dawa ambayo huzinasa tanini. Kisha ondoa DNA iliyobaki. Pima mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260, ugawe kwa ule wa 280; jibu liwe karibu na 2.

4. Kugeuza RNA iwe DNA, maana hatua ya kuhesabu hutumia DNA, kwa kimeng'enya walichokigundua Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kivyake, mwaka 1970.

5. Kuhesabu. Kwa jeni chache, qPCR yatosha, yaani mashine inayorudufu DNA huku ikiipima. Kila mzunguko nakala huongezeka maradufu, kwa hiyo jeni iliyojitokeza mizunguko 3 mapema kuliko kwenye sampuli nyingine ilikuwa na nakala kama mara 8 zaidi. Linganisha na jeni isiyoyumba, yaani ambayo nakala zake hazipandi wala hazishuki, na uhakikishe kweli haiyumbi kwenye chumvi. Ukitaka jeni zote kwa pamoja, soma mfuatano wa RNA nzima, ila uwe na mtu wa kompyuta.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, na kiumbe ambacho jenomu yake, yaani DNA yake yote, haijasomwa?*
Yawezekana. Programu huunga vipande vya RNA vyenyewe kwa vyenyewe, kisha unalinganisha na jeni za viumbe jamaa. Kwa chaza au kombe wa kwetu utapata mengi, ingawa baadhi zitabaki bila jina.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nataka matumbawe ya Nyali, kujua yanavyohimili joto.*
Marahaba mwanangu. Kumbuka tumbawe lina mwani ndani ya seli zake, kwa hiyo utasoma RNA za wawili. Zitenganishe kwenye kompyuta kabla ya kuhesabu, usije ukasema tumbawe limeamsha jeni kumbe ni mwani.

*Kaka, RNA ikiwa nyingi, ndiyo protini nyingi?*
Si lazima, nduyangu. Nakala nyingine huvunjwa kabla ya kutumika, na protini nyingine hudumu siku nyingi baada ya nakala kwisha. Ukitaka kusema habari ya protini, pima protini.

*Na hilo jani la kulamba, laliwa?*
Ngamia na mbuzi hula. Wewe lamba tu.